Nilivunja nyumba yangu kwa mtaimbo, na Jumamosi nachagua itakayofuata

Admin, nifiche jina. Majina ya wengine nimeshayabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Tanga, fundi cherehani, nina binti mmoja. Naishi Alexandra, hapa Johannesburg, mwaka wa tisa sasa. Ni mwanachama wa kikundi cha kujitolea kuzima moto cha mtaa wetu. Msifikirie gari wala kofia za chuma. Tuko kumi na sita: Wakongo, Watanzania, Mkenya mmoja na wenyeji. Tuna filimbi, ndoo, mchanga, mitungi minne ya kuzimia moto na mitaimbo miwili. Gari la zimamoto haliwezi kuingia kwenye vichochoro vyetu, kwa hiyo dakika za mwanzo ni zetu peke yetu.

Vibanda vya mabati vimebanana kiasi kwamba maji ya ndoo hayatoshi. Kinachookoa mtaa ni kuvunja. Moto ukishika, kiongozi anaangalia upepo, ananyoosha kidole kwenye kibanda kilicho mbele ya moto, na wenye mitaimbo wanakibomoa ili moto ukute uwazi. Mwenye nyumba haulizwi. Mwenye mtaimbo habishi. Maswali ni kwenye kikao, moto ukishazimika. Sheria hiyo niliipigia kura.

Majira ya baridi ya 2017, Jumapili mchana, jiko la mafuta ya taa lilipinduka kwa jirani yangu. Kibanda chake kilikuwa katikati: upande mmoja mimi, upande wa pili saluni ya mke wa kiongozi wetu. Kiongozi nitamwita Papa Didi, Mkongo wa Lubumbashi, kazi yake ulinzi. Mkewe, msusi, nitamwita Maman Nono. Siku hiyo mtaimbo mmoja nilikuwa nao mimi. Moshi ulinijaa machoni, sikuona upepo unakwenda wapi. Nilisikia tu Papa Didi akipiga kelele, "Vunja hii!" na kidole chake kilikuwa kwenye mlango wangu.

Nikavunja. Pigo la tatu ukuta uliangukia ndani, juu ya cherehani yangu, kichwa chake kikapasuka.

Wenye ndoo waliuzima moto ukiwa umeanza kulamba ukuta wa saluni. Nikaanza kutazama, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, kusoma majivu. Bati la saluni lilikuwa jeusi kuanzia chini hadi juu. Kwangu, kwenye kamba ya nguo, foronya niliyoianika asubuhi ilikuwa bado nyeupe: upepo ulikuwa unakwenda saluni, si kwangu.

Kwenye kikao niliinyanyua foronya ile mbele ya watu wote. Papa Didi hakutikisika. "Mama Fundi, moto haikufika kwako juu ya ile tulivunja. Sasa unalia nini?" Mkenya akaongeza, "Eish, umebomoa kwako kwa mkono wako mwenyewe, sasa unataka tumshike nani?" Watu wakacheka. Nikakaa chini.

Aliyenichukua ni Maman Nono. Wiki sita mimi na binti yangu tulilala kwake. Alitupikia, alimsuka mtoto bure, aliniazima cherehani ya dada yake. Nilimwombea dua kila siku. Hasira yote niliiweka kwa mumewe.

Kwa sababu ya kelele zangu, kikundi kilibadilisha utaratibu. Sasa kila mwaka kabla ya baridi kiongozi anapita na rangi nyekundu na kuweka alama kwenye kibanda kitakachovunjwa katika kila safu. Kibanda chenye alama kinang'olewa misumari ya upande mmoja, mabati yanafungwa kwa waya ili yavutike haraka. Wezi nao wanalijua hilo. Hakuna anayetaka alama.

Mwaka huu kiongozi ni mimi. Papa Didi ameachia nafasi kwa sababu ya zamu zake kazini. Kwenye safu yetu kuna vibanda viwili vya kuchaguliwa: saluni, na stoo tupu ya mwenye spaza, duka dogo la mtaani, iliyo ubavuni mwa saluni. Nasema kweli mbele yenu: stoo inatosha. Mtu yeyote aliyefundishwa angechagua stoo. Lakini nikisema saluni ina dawa za nywele zinazowaka upesi, hakuna atakayenibishia, na Papa Didi ndiye aliyetufundisha kutobisha.

Wiki iliyopita Maman Nono alikuwa anamsuka binti yangu. Akaniuliza bila kunitazama, "Utapaka stoo, si ndiyo?"

"Sijaamua."

Akasimamisha mikono. "Mama Fundi, kama ni kisasi, iwe na miye. Ile siku Papa alikuwa anataka kuonyesha saluni. Ni miye nilimushika mukono. Nilimuambia, hapana saluni yangu. Njo akaonyesha kwako."

"Na wiki sita zile?"

"Ningefanya nini ingine?"

Nilimchukua mtoto, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu bado, tukaondoka.

Tangu hapo sili vizuri, lakini msidhani ni huzuni. Nafikiria ile saluni imefungwa kwa waya. Namfikiria Maman Nono akibeba madraya yake ya kukaushia nywele kila jioni kwenda nayo nyumbani, na akilala huku anasikiliza upepo. Napata raha, na siioni aibu. Kinachonizuia ni kitu kimoja: nikiweka alama isiyo ya haki, nitakuwa nimetumia kidole kama walivyokitumia wao, na siku moto ukija watu kumi na tano watavunja kwa neno langu, bila kubisha.

Jumamosi asubuhi napita na mkebe. Msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa na kila mtu. Nyie mlio mbali na mtaa huu, ambao hamna wa kumwogopa wala wa kumpendelea, nishaurini: rangi niipake wapi?