Cherehani Iliyobaki Barazani

Baba alikuwa fundi wa nguo mjini Nakuru. Alishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, na cherehani yake ndiyo iliyotulisha. Shamba hatukuwa nalo popote.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau, askari walifanya msako mtaani kwetu wakamchukua. Mama na sisi watoto tukapakiwa kwenye lori, tukapelekwa kwa ndugu zetu milimani, mahali ambapo mimi sikuwa nimewahi kufika. Cherehani tuliiacha kwa jirani yetu, fundi mwenzake Baba, mtu tuliyezoea kula naye.

"Nitaitunza, Mama Watoto," alisema. "Mtaikuta."

Tuliporuhusiwa kurudi mjini, nilikuwa nimeshakuwa msichana wa kuchota maji na kupika. Baba naye alitoka kizuizini. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevunjwa, vikaungana vibaya. Asubuhi moja tuliongozana naye hadi pale barazani. Cherehani yake ilikuwepo, inakanyagwa na kijana wa kuajiriwa. Jirani alikuwa amekaa pembeni, amevaa koti zuri. Tulishasikia kwamba siku hizo aliingia ofisi za serikali bila kubisha hodi.

"Mali ya waliokamatwa iliuzwa, mzee," alimwambia Baba kwa upole. "Mimi nilinunua. Kama una shaka, twende ofisini tukaulize."

Baba alijua kwamba neno moja la mtu yule lingemrudisha kizuizini. Tukageuka, tukaenda zetu.

Nyumbani alisema, "Nitaidai. Wapo walioniona nikiinunua."

"Utaidai kwa nani?" Mama akamuuliza. "Umerudi. Tunalala bila mlango kupigwa teke. Mwachie."

"Hiyo ni mikono yangu."

"Basi na mikono aichukue!"

Baba alivitazama vidole vyake. Mama akajifunika uso kwa kanga, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kesho yake Mama alimshika kuku wetu wa pekee, akanichukua tukaenda kwa jirani. Alimshukuru kwa kututunzia mali yetu, akasema sisi hatuna neno na mtu. Jirani alimpokea yule kuku. Tangu siku hiyo sare zetu za shule zilishonwa pale pale, na Mama alilipa kama wateja wengine.

Baba hakupita tena kwenye barabara ile. Alipata kibarua cha kuchuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu upande wa Gilgil, kazi ya vidole, na vyake havikukunjika. Alikuwa akija nyumbani Jumapili, halafu Jumapili moja hakuja. Baridi ya kule ilimwingia kifuani. Tuliletewa habari akiwa ameshafariki.

Jirani alikuja matangani na sukari na majani ya chai. Aliwaambia watu kwamba yeye na marehemu walikuwa kama ndugu. Mama alimpa kiti, akammiminia chai kabla ya wageni wengine.

Watu walimsifu Mama kwa busara yake. Kweli, hatukuvunjiwa mlango tena. Mama alilisema hilo mara nyingi miaka iliyofuata, akitutazama mmoja mmoja, akingoja tukubali.