Debe Nililolipunguza Maji

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo hesabu za yule daktari nitazieleza nilivyozielewa mimi. Ilikuwa miaka ya sabini, hospitali moja nje ya mji wa Iringa. Nilikuwa nimeolewa huko kutoka Mbeya. Daktari, Mzungu, alitaka kujua mzigo wa kichwani unaumizaje mgongo, maana wanawake walikuwa wanamjazia chumba kwa migongo yao. Akafukia bamba la chuma sakafuni. Ukilikanyaga, linaandika umelisukuma kwa nguvu kiasi gani, huku kamera ikikupiga picha unavyotembea.

Kazi ya kulikanyaga nikiwa na debe la maji kichwani nilitafutiwa na fundi wa bamba, mtu wa kwetu Mbeya, mwenye mke na watoto watatu. Tuliitana kaka na dada, ingawa undugu wenyewe ulikuwa wa kijiji tu.

Basi, wenyeji wakanitania, eti sisi wala ndizi hatuna shingo. Nikajigamba kwamba nitabeba debe zima kutwa. Na baridi ya Iringa asubuhi, acha tu, maji yakikudondokea shingoni unasahau jina lako. Raundi ya tano shingo ikakataa. Nikaenda nyuma ya jengo, nikamwaga karibu nusu, nikatandaza majani juu ya maji kama tunavyofanya siku zote yasiruke. Nani angeona? Fundi alitakiwa kupima debe kila raundi. Nikamwambia, “Kaka, maji ni yale yale, usijichoshe.” Akaandika uzito wa asubuhi.

Baada ya siku kadhaa daktari akaanza kuhangaika. Alitueleza kwa mikono kwamba uzito wa mtu na wa debe, pamoja na mwendo wake, lazima vilingane na linachosema bamba. Kwangu havikulingana. Ilibaki nguvu isiyo na mwenyewe, kama kuna mtu darini ananisaidia kuinua debe. Wanawake wakasema labda ni marehemu baba mkwe. Walicheka, nami nikacheka nao.

Daktari akaweka gunia la mahindi lililopimwa juu ya bamba: sawa. Akahesabu picha upya: sawa. Akanipima mimi tena, na viatu vyangu: sawa. Zikabaki namba za debe. Akamwuliza fundi mbele yetu kama alipima kila raundi.

“Sikupima,” fundi akasema. “Niliandika tu.”

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nadhani alikuwa ananisubiri. Mdomo nilikuwa nao. Hakunitaja. Siku ile ile akaachishwa kazi.

Baadaye tulirudia, debe likapimwa kila raundi, na ile nguvu ikapotea. Daktari akanishukuru kwa uvumilivu, akanipa mche wa sabuni. Nikaupokea, nikafulia nguo za nyumba nzima.

Lakini nimeruka jambo. Asubuhi fundi alipoondoka, kabla ya basi la Mbeya, alipita kwangu na sanduku lake. Hakukaa. Alisimama mlangoni akauliza, “Dada, mama yako nimwambie nini?”

Hapo napo tulikuwa wawili tu, hakuna daktari, hakuna wa kunicheka.

“Mwambie sijambo,” nikasema.

Akanipa mkono, akaenda.