Kujifunza Shida Momela

Mwaka niliomaliza chuo, baba alitangaza mezani kwamba tumeitwa. Alilisema neno hilo kama mtu anayetangaza kwamba tumealikwa harusini, kadi imeshafika, na kilichobaki ni kuchagua nguo. Nilimuuliza nani ameita, kwa njia gani, na kama mwito huo ulitutaja sote wanne au yeye peke yake. Mama akaniambia nile kwanza, chakula kinapoa.

Baba alikuwa mhasibu. Tulikaa Njiro, mjini Arusha, katika nyumba ya vigae na ukuta mrefu, na mama alikuwa muuguzi. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha pili. Kanisa letu lilikuwa linatafuta familia za kwenda kuishi kama wamisionari katika bonde kavu lililo mbali sana na Arusha, mahali ambapo zahanati ilikuwa imejengwa, imepakwa rangi, na kukaa bila muuguzi. Kabla ya kutumwa, familia ilipaswa kupitia kambi ya mafunzo: kulala kwenye hema, kuchota maji, kupika kwa kuni, kuchimba choo chenu wenyewe. Siku ya mwisho kila mtoto wa nyumba aliyepata kipaimara angeulizwa mbele ya wenzake kama yuko tayari. Nyumba ikigawanyika, haitumwi.

Kwa hiyo safari yote ya baba ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wangu. Yeye alilijua hilo, mimi nililijua, na kwa wiki kadhaa tulizungukana humo ndani kama paka wawili.

"Huna kazi, huna mume," aliniambia siku moja. "Ukibaki Njiro utakuwa unalinda nini?"

"Akili yangu."

"Hiyo unaweza kuibeba. Haina uzito."

Mdogo wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nilikubali kwenda kambini kwa sababu ya mama tu. Alinikuta nafua, akasimama pembeni ya beseni, akasema, "Njoo. Ukikataa, ukatae ukiwa umeona." Hoja hiyo sikuweza kuipinga. Chuoni ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wenzangu.

Kambi ilikuwa kwenye kiwanja cha kanisa upande wa Momela, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi ya wanyama. Ukiwa pale, Meru haionekani kama inavyoonekana mjini. Mjini ni mlima mzima, umetulia. Kutoka Momela unaona ubavu uliobomoka, na ndani yake kile kichuguu cha majivu, kama mtu aliyefungua shati akuonyeshe kovu. Asubuhi baridi ilitufanya tuongee kwa kutetemeka, mchana vumbi likatuingia mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa familia tatu, zote za mjini, zote na magari yaliyoegeshwa nyuma ya banda ili tusiyaone tukashawishika.

Mwalimu wetu alikuwa mwinjilisti mstaafu, mzee mwembamba wa kofia ya sufu, ambaye alikuwa ameishi maporini zaidi ya nusu ya maisha yake. Alimwita kila mtu mpendwa. Nilitaka kumchukia na nikashindwa, kwa sababu alikuwa anacheka vizuri. Lakini nilimuuliza maswali. Aliposema maji ya mfereji yakichemshwa yamekuwa salama, nilinyoosha mkono.

"Kuchemsha kunaua vijidudu," nikasema. "Yale madini yanayotia meno rangi huku Meru hayafi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe yanabaki."

"Mpendwa, huko tuendako hakuna madini hayo."

"Basi kwa nini tunajifunzia hapa?"

"Kwa sababu hapa pana shida za kutosha," akasema, na watu wakacheka, baba akiwamo.

Sentensi hiyo ilinikaa kama mfupa wa samaki kooni. Shida za kutosha. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na nyumba za watu, zinatoa moshi, watoto wanakwenda shule na masweta yao ya kijani. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba wanaishi ndani ya mafunzo.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa baba. Siku ya kwanza, wanaume wa familia nyingine walihangaika na kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu. Baba alichuchumaa, akapanga mafiga, akachagua vijiti bila hata kuviangalia sana, na moto ukawaka. Alichimba choo kwa jembe kama mtu anayekata keki. Alijua ni upande gani upepo utageukia jioni. Mwinjilisti alisimama akamtazama, mikono nyuma.

"Tazameni," akawaambia wengine. "Mtu wa ofisini huyu, lakini anavyojifunza haraka. Hicho ni kipawa cha Roho."

Nikamwangalia baba, nikasubiri aseme. Baba alizaliwa kwenye mteremko uleule, mwendo wa asubuhi moja kutoka pale tulipopiga hema, katika nyumba ya udongo kati ya migomba na kahawa. Aliwasha moto kabla hajajua kusoma. Alichota maji, alilisha ng'ombe, alilala chini kwenye ngozi pamoja na ndugu zake. Mama alijua, sisi watoto tulijua. Baba alipangusa mikono yake kwenye suruali, akasema, "Asante, mwalimu."

Usiku, hemani, nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Sikuulizwa," akajibu.

"Wanakusifu kwa kujifunza maisha ya mama yako."

"Lala."

Sikuwa na hamu ya kulala. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na nilichoelewa hakikunifurahisha. Mmisionari hutoka kwa wenye nacho kwenda kwa wasio nacho. Baba akisema alizaliwa ng'ambo ya mfereji, anakuwa miongoni mwa wanaotembelewa. Kipawa cha Roho kinageuka kuwa utoto wa kawaida, na utoto wa kawaida haupigiwi makofi.

Kulikuwa na kanuni nyingine: hakuna chakula kutoka nje. Tulipewa unga, maharage na chumvi, na ilibidi tuishi kwa hivyo. Siku iliyotangulia ile ya mwisho, karibu na saa ya chakula cha mchana, bodaboda ilikuja inadunda kwenye mawe, na juu yake shangazi, dada mkubwa wa baba, amejifunga vitenge viwili, na ndoo ndogo yenye mfuniko mapajani. Kumbe mtu alikuwa ameliona gari letu likipanda, na huko juu habari haihitaji simu.

Alishuka, akatazama mahema, akatazama choo chetu cha magunia, akamtazama mdogo wake aliyekuwa na masizi usoni.

"Nyumba ya Njiro imeungua?" akauliza.

"Shikamoo, dada," baba akasema.

"Marahaba. Nimeuliza, imeungua? Maana watu wanasema umehamia porini na watoto. Nikasema haiwezekani, huyu akija Krismasi analalamika kitanda changu kinaumiza mgongo."

Mimi na mdogo wangu tukamwamkia, akatushika vichwa. Akafungua ndoo. Ilikuwa loshoro, ndizi na mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando, bado ya moto. Familia zote ziligeuza vichwa. Baada ya siku za maharage yaliyoiva nusu, harufu ile ilikuwa mahubiri kuliko mahubiri.

Mwinjilisti alisogea, akasalimia kwa heshima, akasema, "Mama, Mungu akubariki, lakini hapa hatupokei chakula. Wanajizoeza."

"Wanajizoeza nini?"

"Kuishi maisha magumu."

Shangazi akamwangalia. "Na mimi ninayeishi hapo juu," akasema, "nimeshahitimu?"

Hata mwinjilisti alicheka. Baba hakucheka. Mwinjilisti akamgeukia. "Mnafahamiana na mama huyu?"

"Tunafahamiana," baba akasema.

Nilimsubiri aongeze neno. Shangazi naye alimsubiri, mfuniko mkononi. Hakuongeza.

"Ni dada yake," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka hema la mwisho. "Tumbo moja. Baba amezaliwa hapo juu. Moto huo mnaousifu, alifundishwa na huyu."

Baba alisema, polepole, akiangalia ndoo na si uso wa dada yake, "Dada, asante. Kanuni ni kanuni. Rudi nacho." Kwetu mtu hamwambii dada yake mkubwa arudi na chakula. Unaweza kuwa umeshiba, unaweza kuwa mgonjwa, unaonja.

Shangazi akafunika ndoo. Nilimfuata mpaka barabarani, tukaketi kwenye ukingo wa mfereji, tukala kwa kijiko kimoja tukipokezana, huku wote wakituona. Nilikula taratibu makusudi. Shangazi aliniuliza kama na mimi nakwenda huko wanakokwenda. Nikamwambia hapana.

"Umemwambia baba yako?"

"Kesho ndiyo siku ya kuulizwa."

"Usimtukane," akasema. "Kataa, lakini usimtukane. Mimi ndiye nina haki ya kumtukana." Akapanda bodaboda yake akaenda.

Niliporudi, mwinjilisti alinionya kwa upole kwamba nimevunja kanuni mbele ya watu. Nilimwambia ninazijua kanuni mbili na zilikuwa zimegongana, nikachagua ya zamani zaidi. Alikuna kofia yake, akasema atanikumbuka kwenye maombi. Baba hakunisemesha mpaka asubuhi.

Jumapili, baada ya ibada fupi, tulikaa kwenye mabenchi ya mbao, familia kwa familia. Sisi tulikuwa wa kwanza. Mwinjilisti akamuuliza baba kama yuko tayari kutumwa, baba akasimama akasema yuko tayari. Akamuuliza mdogo wangu, naye akasema ndiyo, akiwa na uso wa mtu ambaye ameshaaga shule yake. Halafu akanigeukia mimi.

Nilisimama. Jibu nilikuwa nalo kwa miezi mitatu.

"Siendi," nikasema. "Simzuii mtu. Lakini sijasikia mwito, na siwezi kusema nimeusikia ili wengine wapite. Halafu nina swali. Mama hajaulizwa."

"Baba na mama ni mwili mmoja, mpendwa," mwinjilisti akasema. "Jibu la baba ni jibu lao."

"Zahanati inahitaji muuguzi au mhasibu?"

Mtu alikohoa kwenye benchi la nyuma. "Mnamtaka mama," nikaendelea. "Bila yeye, baba ni mgeni tu mwenye hema. Halafu yeye ndiye pekee hapa ambaye hakuna aliyemuuliza. Muulizeni."

Nakiri nilijua mama atajibu nini, au nilidhani najua. Nilikuwa nimemwona akihesabu zamu zake za usiku, akipika, akinyamaza. Nilikuwa nimeugeuza ukimya wake kuwa hapana yangu. Nilimwandalia mlango ili atoke.

Mama alisimama, akanyoosha kanga yake.

"Naenda," akasema. "Nilishaamua kabla ya baba yao. Siku niliyosikia kuna zahanati haina mtu, mimi ndiye niliyekosa usingizi. Yeye alikuja kuita jambo hilo mwito." Baadhi ya wanawake waliinamisha vichwa kuficha tabasamu. "Huyu mkubwa abaki. Ameulizwa na amejibu kweli. Simchukui mtu kwa kumkokota, nina wagonjwa wa kutosha."

"Mama, kanuni inasema nyumba nzima," mwinjilisti akasema.

"Basi badilisheni kanuni, mwalimu. Au tafuteni muuguzi mwingine."

Akaketi. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nimeshinda na nimeshindwa kwa wakati mmoja, sijui niweke wapi mikono. Mwinjilisti akasema atalipeleka suala hilo kwenye kamati, akaigeukia familia ya pili. Kamati ilikaa baadaye, na kwa kuwa muuguzi mwingine hakupatikana, kanuni ikajulikana kuwa inapindika. Walitumwa watatu. Mimi nimepanga chumba Sokon One, hapa mjini, nafundisha masomo ya jioni kwa watahiniwa, na bado siamini kwamba mtu anahitaji kwenda mbali kutafuta watu wa kuhudumia. Mama anajua hivyo. Tunabishana kwenye simu mtandao ukiruhusu.

Lakini siku ile tulirudi sote kwenye gari moja, na hadi tunakaribia Usa River hakuna aliyezungumza. Mdogo wangu alikuwa akitoa vumbi puani kwa kona ya kanga. Baba ndiye aliyeanza, macho barabarani.

"Baba yangu aliniambia nikikataa shamba la kahawa, nisirudi nyumbani."

Sikuwahi kulisikia hilo. Nikauliza, "Ukarudi?"

"Krismasi."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama nimekula."

Mama aligeuza uso dirishani. Baba akapunguza mwendo, lori la mchanga likatupita.

"Na wewe utakuja Krismasi?" akaniuliza.

Nikamwambia nitaangalia. Mdogo wangu alicheka. Baba hakucheka na hakunikaripia. Aliwasha taa ya kulia, tukaingia barabara kuu kuelekea mjini.