Simu ya Guidry yaita tena

Umande bado haujakauka kwenye mashamba ya miwa nje ya Opelousas, Louisiana, na Cortland Guidry anasukuma pikapu iliyozimwa. Hayo ndiyo mazoezi yake. Binamu yake, Alcide, amekaa kwenye usukani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Sukuma, we jitu! Hata kobe ametupita!"

"Shuka basi na hilo tumbo lako, uone kama haitakimbia," Guidry anajibu, akihema.

Guidry, 31, ni mlinzi wa safu ya mbele katika futiboli ya Kimarekani. Kazi yake ni kupambana na majitu wenzake hadi amwangushe mrusha mpira. Katika miaka tisa ya ligi kuu ameshachezea timu saba, na tangu Agosti hana hata moja.

"Ukiambiwa uende kwa kocha na kitabu chako cha mbinu, ujue umeachwa, safari imeiva," anasema. "Wenzako hawakutazami usoni. Hawakuchukii. Wanaogopa zamu yao."

Mkewe, Renelle, aliacha kumfuata baada ya mji wa nne. Binti yao, Maelle, alikuwa akihamishwa kila anapopata rafiki.

Mwezi huu sekondari aliyosoma Guidry imemtaka awe kocha. Jioni amekuwa akiwafundisha vijana, kisha anarudi nyumbani akiwa amembeba Maelle mabegani. Shule inataka jibu kesho.

Lakini usiku huohuo, wakiwa mezani na mabakuli ya gumbo, mchuzi mzito wa Louisiana, simu inaita. Timu moja ya kaskazini imeumiziwa mchezaji na inamtaka Guidry. Ndege inaondoka alfajiri.

Guidry anasema atafikiria. Renelle anaweka kijiko chini.

"Ufikirie nini? Tangu Agosti unakula na sisi, masikio yako kwenye simu. Nenda, Cort. Ukishiba, rudi."

"Na nisiposhiba?"

Renelle anainuka kumtolea begi.

Asubuhi, kwenye uwanja wa ndege, Guidry anasema jambo ambalo hakulisema mezani. Mama yake, Odile, hapandi ndege na hajawahi kumwona akicheza ligi kuu. Kila timu yake ilipopangiwa mechi New Orleans, safari ya gari tu kutoka kwao, Guidry aliachwa na timu kabla ya siku kufika. Timu hii mpya itacheza huko Jumapili moja ya Desemba.

"Nidumu hadi Desemba tu," anasema. "Mama anione mara moja, halafu nivue hivi viatu."

Odile, mwimbaji wa kwaya, hasubiri kuona kama mwanawe atadumu.

"Nimeshamuaga padri," anasema. "Jumapili hiyo wataimba bila mimi."