Shuka Nyeupe ya Fundi Waliaula

Kwa miaka kumi na tisa Waliaula amefungua injini mbele ya wenyewe. Hutandika shuka nyeupe chini, katika yadi ya jua kali nyuma ya soko la Kibuye, hupanga kila kipande jinsi kilivyotoka, kisha humwita mwenye gari achuchumae aone. Mafundi wengine wa Kisumu hutoa habari kwa simu. Yeye hutoa ushahidi. Ndiyo maana wenye magari, kuanzia Ahero hadi Asembo Bay, humletea injini pamoja na ugomvi wao: gari liliharibika, au dereva aliliharibu? Neno lake likishatoka, mtu hubaki na usukani au hunyang'anywa.

Jumatatu moja Probox ya Debra, mchuuzi wa samaki, ililetwa ikivutwa kwa kamba. Ooko, dereva wake wa miaka sita, alikuwa ameiazima Jumamosi ampeleke mamake nyumbani Asembo. Mama alikuwa ndani ya jeneza. Injini ilinoki, ikakwama kabisa, kilomita mbili kabla ya boma. Debra hakupaza sauti. Alimwambia Waliaula kwamba kama gari lilijiharibikia, Ooko ataendelea na kazi. Kama ni mkono wake, hataligusa tena, wala la mtu yeyote anayemjua Debra.

Waliaula aliingia chini ya gari kabla watu hawajakusanyika. Boliti ya kumwagia oili ilizunguka kwa vidole viwili tu. Akaitoa. Ile ringi ndogo ya shaba inayoziba pale ilikuwa na ufa, na ilikuwa na ile rangi ya zambarau ya shaba iliyopita motoni. Aliitambua. Ringi mpya hakuwa na mazoea ya kununua. Za zamani alizitunga kwenye waya ukutani, akazichoma hadi zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini zilainike, akazirudisha kazini. Alifundishwa hivyo na mjomba wake huko Bungoma, na njia hiyo haikuwahi kumwaibisha. Oili ya gari hili aliibadilisha yeye mwenyewe Alhamisi, siku mbili kabla ya mazishi.

Alilala pale chini kidogo, akisikiliza viatu vya watu vikija. Kisha akaitia ringi mfukoni, akaikaza boliti kwa spana na kutoka akijipangusa mikono.

Kilichofuata alikifanya vizuri kama siku zote. Kijiti cha kupimia oili kilitoka kikavu. Kwenye rejeta kulibaki kikombe kimoja cha maji ya kutu. Aliweka rula ya chuma juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na mwanga ukapenya katikati, chini ya rula: hedi ilikuwa imepinda. Beringi zilikuwa zimechubuka kana kwamba zimesagwa na mchanga. Krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imegeuka bluu.

"Bluu hii haiji kwa dakika moja," alisema. "Taa ya oili iliwaka ukiwa wapi?"

"Otonglo, tulipotoka tu mjini," Ooko alijibu.

"Na geji ya joto?"

"Ilipanda tukishapita Kisian. Niliona, fundi. Lakini wazee walikuwa ndani ya gari. Walisema mama hawezi kushushwa kando ya barabara kama gunia, wala kuhamishwa gari lingine. Akitoka mochari, anafika kwake."

Halafu Okello, fundi wa breki, akamtania Ooko polepole kwa jina la kwao, "Ja-Asembo, basi umezika wawili." Yadi nzima ikacheka, na Ooko mwenyewe akajaribu kucheka nao.

Debra hakucheka. Aliuliza oili ilikwenda wapi. Katika asubuhi yote hiyo, hilo ndilo swali pekee ambalo Waliaula alikuwa akiliogopa.

"Injini ikichemka hivi, Mama, inakunywa oili."

Kwa gari lingine ingekuwa kweli. Ooko aliinua kichwa. "Lakini taa ndiyo ilitangulia, fundi. Joto lilikuja nyuma."

Waliaula alimtazama usoni. "Ilitangulia, na wewe hukusimama."

Debra akanyoosha mkono, naye Ooko akamwekea ufunguo kiganjani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

Ooko alirudi mchana, mafundi wengine walipokwenda kula. Hakuja kugombana. Alikuwa amesikia kwamba Nekoye wa Ahero anatafuta dereva, akaomba Waliaula amwombee kwake kwa neno moja tu: kwamba sasa Ooko anasimama taa yoyote ikiwaka.

"Nitamwambia nini, Ooko? Watu wameona shuka."

Ooko akakubali kwa kichwa. Alisema halalamiki, maana afadhali fundi asiyeficha kitu. Kisha, kwa kuwa shuka ilikuwa bado chini, akashika ncha mbili, Waliaula akashika mbili, wakaikunja kama watu wa nyumba moja, wakikaribiana hatua kwa hatua mpaka mikono yao ikagusana.

Ooko alipoondoka, Waliaula aliitoa ringi mfukoni, akauangalia ufa wake, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Gari la Wesonga lilikuwa likingoja kubadilishwa oili. Akaenda ukutani na kuchomoa ringi nyingine kwenye waya.