Nilificha Kopo la Beji za Marehemu Mke Wangu, Akaitwa Mwizi Aliyemuuguza

Msimamizi wa ukurasa, pamoja nanyi wasomaji ambao wengi wenu ni rika la wanangu na wajukuu wangu, nawasalimu kwa heshima. Naomba jina langu lifichwe, na naomba radhi kwa urefu wa maneno yangu. Mimi ni mgane wa miaka sabini na minne, nakaa Nachingwea. Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Filomena, alilala katika Bwana miaka mitatu iliyopita.

Filomena alikuwa na kopo la biskuti lililojaa beji. Ni zile beji za bati, za mviringo, zenye pini nyuma, ambazo wenye majumba ya sinema walizigawa kutangaza picha mpya, na miaka ya baadaye wenye televisheni wakazigawa kutangaza tamthilia zao. Kaka yake alikuwa mkata tiketi kwenye jumba la sinema Dar es Salaam, akawa anamletea kila alipokuja likizo. Mimi nilikuwa kiongozi wa wasomaji kanisani, nikamkataza kuzivaa. Nilimwambia, "Mke wa mtu anayesoma Neno mbele ya waumini hatembei na nyuso za waigizaji kifuani." Alicheka kidogo, akasema, "Haya, Mwalimu." Hakuzivaa tena. Ndivyo nilivyoamini kwa zaidi ya miaka thelathini.

Siku chache baada ya mazishi nilikuwa nakunja nguo zake ili ziwe tayari kwa siku ya kugawa. Ndani ya gauni lake la Jumapili, upande wa moyo, mahali pasipoonekana, nilikuta vitobo vingi vidogo vyenye kutu. Gauni la pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa bado na beji yenyewe, sura ya bibi harusi wa Kihindi anayelia. Kumbe miaka yote hiyo, mimi nikisoma mimbarini, yeye alikaa benchi la tatu amezivaa kwa ndani. Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Nikairudisha beji ile kwenye kopo, na kopo nikalifukia katika gunia la korosho ghalani.

Kwa desturi ya kwetu, vitu vya mwanamke aliyefariki ni vya ukoo wake, si vya mume. Hutandikwa mkeka, kila kitu huwekwa juu yake mbele ya watu, na mume hutakiwa kutamka kwamba hakubakiza. Shemeji yangu, yule yule wa tiketi, aliniuliza, "Shemeji, ndivyo vyote?" Nikajibu, "Ndivyo vyote."

Hapo Skolastika, binti wa mdogo wake Filomena, akasema, "Baba mkubwa, na kopo la beji? Mama mkubwa aliniahidi mimi." Nikanyamaza. Mama yake akadakia, "Chumbani kwa mgonjwa alikuwa anaingia nani?"

Watu wote wakamgeukia Somoe, jirani yetu. Miezi mitano alimuogesha Filomena, akampikia uji, akambeba mgongoni kwenda chooni, naye hakuwa ndugu wala wa dini moja nasi. Alisema taratibu, "Mimi nimembeba Filomena mzima. Hayo mabati ya Wahindi ningeyafanyia nini, niungie mboga?"

"Una binti anayependa kujipamba," mmoja akajibu, na wengine wakacheka.

Mtu mwingine akauliza kama mimi mwenyewe sikuliona kopo. Shemeji akamkatiza: "Mwacheni shemeji yangu. Hizo beji alizichukia kama dhambi. Huyu ni mtu wa zaburi." Basi chuki yangu ya zamani ikanisafisha mimi, ikamchafua yeye. Somoe alinitazama, akingoja nimsemee. Niliinamia mkeka.

Tangu siku hiyo sokoni walimwita Mama Beji. Msimu wa ufuta ulipokwisha akahamia kwa kaka yake, kijiji cha Mbekenyera. Hata kumuaga sikumuaga.

Wiki iliyopita nilijiwa na mgeni kwa bodaboda kutoka Malolo, mtu mzima, mpole. Mtoto wa ndugu yake anataka kumuoa Zuhura, binti wa Somoe. Alisema, "Mzee, tumesikia maneno juu ya mama wa binti, na kwamba aliyeibiwa ni wewe. Wewe ni mtu wa Mungu, hutatudanganya. Ni mdokozi?"

Wanangu, neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: hapana. Nilifungua kinywa, nikamkumbuka shemeji na mkeka ule, nikayaona mabenchi ya kanisani yakinitazama, nikasema, "Mambo ya marehemu ni mazito, bwana."

Mgeni akavaa kofia yake. "Tumeelewa, mzee. Ahsante kwa kutomchafua kwa mdomo wako." Akaondoka, nami sikumwita arudi. Jumamosi hii watakaa kikao cha kuamua kama posa iendelee au ivunjwe.

Kopo liko mezani ninapoandika. Ninayoiogopa si aibu peke yake. Nikisema kweli, litakwenda kwa Skolastika, kama ilivyo haki yake, nami sitabaki na chochote alichokivaa mke wangu karibu na moyo wake. Hata sasa, binti wa watu akiwa hatarini kukosa ndoa kwa ajili yangu, bado natamani nibakishe ile ya bibi harusi. Nayasema haya nikiona haya.

Niwahi Malolo kabla ya kikao? Au nianzie Mbekenyera nikampigie Somoe magoti? Au niwaite shemeji zangu watandike mkeka upya, nami niliweke kopo juu yake kwa mkono wangu? Samahani kwa kuwachosha. Nikemeeni, nitasoma yote, lakini kabla ya Jumamosi naomba mniambie: mtu aliyenyamaza mara mbili, aanze na neno gani?