Mpishi wa Munuki na Msuli Usioliwa

Saa kumi na mbili asubuhi, bati halijaanza kuunguza, Josline Namubiru anakoroga sufuria uani kwake Munuki, Juba. Ameketi, mguu wa kushoto ameunyoosha. Akiukunja, mshipa unawaka moto. Jirani ananusa, anapita zake. Ameshajua: hicho hakiliwi.

Sufuriani mna maji, jelatini, sukari, mafuta na chumvi iliyopimwa kwa mizani. Kikipoa kinakuwa msuli bandia. Mafundi wa karakana ya jirani hufukia humo kidude kidogo kama punje ya maharage, ambacho siku moja kitawekwa mwilini kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Hakina betri wala waya. Umeme hukifuata hewani, ukipenya msuli. Taa yake ikiwaka, umeme umefika.

"Mimi iko mpishi miaka ishirini," anasema mjane huyu wa miaka 57 kutoka Uganda. "Hii ndio chakula moja yangu watu hawakulalamika."

Walilalamika Jumanne. Wafadhili walikuwa njiani, na kidude kilichowaka vizuri katika vipande vya zamani kiligoma kwenye kipande cha Josline. Mafundi walikuna vichwa, kisha, kama kawaida ya mafundi, wakamtazama mpishi.

"Mama Kizza, chumvi imezidi," alisema Levi, injinia Mkenya, akimwita Josline kwa jina la mwanawe. "Pika ingine, punguza nusu. Wageni wakiona giza, pesa hakuna, tumefunga kazi. Na wewe pia."

Josline alijua. Kipande chake kinauzwa bei ya kuku. Cha ng'ambo ni bei ya pikipiki, tena hukwama forodhani miezi miwili. Hata hivyo alikunja mikono.

"Mimi napima ile karatasi yako inasema. Injinia, hii ni Juba! Mtu anatoka jasho mpaka shati inakuwa nyeupe. Unataka mgonjwa hana chumvi? Enda tafuta yeye mochari."

Levi alicheka shingo upande, akapima. Chumvi ilikuwa sawasawa. Vile vya zamani, vya mtengenezaji mwingine, ndivyo vilivyokuwa chapwa: vilipitisha umeme ambao mwili wa kweli ungeumeza.

Wageni walionyeshwa giza. Mmoja aliuliza kama maonyesho yameanza. Hatimaye waliwapa mafundi miezi mitatu ya kukirekebisha.

Sasa kidude kinaundwa upya, na Josline anapika kila asubuhi kwa gramu zilezile.

"Siku itawaka," anasema akiusugua mguu, "waweke kwangu kwanza. Chumvi yangu wanajua tayari."